Sura Mpya ya Thunderbird na Barua za Mjomba

Leo nina kisa cha barua pepe, na kama mlivyonizoea, kisa chenyewe kitaturudisha nyuma miaka thelathini na ushei kabla ya kufika mwisho.

Mjomba wangu ni ajenti wa kutoa mizigo bandarini Mombasa. Asubuhi moja mwaka 2025 alinipigia simu kabla sijanywa chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mbio mbio, kisha akaingia katika lililomleta.

“Mjomba,” akaniambia (sisi watu wa pwani mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo wote wawili), “huyu kijana wa ofisini ameweka Thunderbird mpya kwenye mashine ya mapokezi. Nimeitazama, wala siijui. Barua zimekuwa kama kadi za harusi! Vitufe vimehama. Hii yangu nisije nikasikia mtu ameigusa.”

Nikamwomba afungue menyu ya msaada anisomee nambari ya toleo lake. Akanisomea: 102.

Hapo chai ikanipoa. Toleo 102 lilitoka Juni 2022, na marekebisho yake ya mwisho yalitolewa Septemba 2023. Kwa maneno mengine, mjomba alikuwa amekaa karibu miaka miwili akipokea barua kutoka kila pembe ya dunia kwa programu ambayo hakuna fundi anayeitazama tena. Nikamwambia, “Mjomba, hiyo lazima ipandishwe toleo.” Akanijibu kwa swali moja tu: “Na barua zangu?”

Swali hilo si dogo. Ndani ya mashine ile mna barua tangu mwaka 1998. Mna bili za shehena, ankara, na mabishano ya ushuru yasiyo na mwisho. Mwaka 2011 barua ya mwaka 2004 ilimwokoa: mteja alidai hakuwahi kuarifiwa kwamba kontena lake limefika, na gharama za kulilaza bandarini zikawa zataka kumwangukia mjomba. Barua ikatafutwa, ikapatikana, na tarehe na saa yake juu. Kesi ikaishia mezani.

Lakini mna kubwa kuliko hilo. Mna barua za mjomba wangu mwingine, mdogo wake huyu, aliyekuwa baharia. Alikuwa akiandika kutoka mikahawa ya intaneti ya kila bandari aliyotia nanga, Durban, Karachi, Rotterdam, kwa herufi kubwa tupu, utadhani anatuita kwa sauti kutoka ng’ambo ya bahari. Alifariki mwaka 2008. Sanduku lake mwenyewe la barua lilikuwa la bure, na kwa kuwa hakuna aliyelifungua tena, lilifutwa na wenyewe. Maneno yake yaliyobaki duniani ni yale yaliyomo katika mashine ya mjomba.

Basi nisingeweza kumjibu kwa “bonyeza tu hapo.” Nikamwambia anipe siku chache. Nikaketi nikaanza kujiuliza: tangu zamani, programu ya barua pepe inapobadilishwa sura, ni kitu gani hasa kinachobadilika? Niliyoyakumbuka na kuyasoma ndiyo haya.

Tuanze na 1988. Mwaka huo, katika Chuo Kikuu cha Illinois pale Urbana-Champaign, Marekani, kijana mmoja aitwaye Steve Dorner alianza kuandika programu ya barua pepe ya kompyuta za Macintosh. Barua pepe yenyewe haikuwa ngeni. Ray Tomlinson alikuwa ametuma ya kwanza kutoka mashine moja hadi nyingine mwaka 1971, na ndiye aliyechagua alama ya @. Lakini wengi walikuwa bado wakisoma barua zao kwa kuingia ndani ya kompyuta kubwa ya chuo na kuandika amri. Dorner alitaka barua zije kwenye mashine iliyo mezani pako, zikae humo, uzisome kwa kubonyeza. Ilimchukua zaidi kidogo ya mwaka mmoja na mistari ipatayo 50,000 ya msimbo wa lugha ya C. Akaipa jina Eudora, kwa heshima ya mwandishi Eudora Welty, aliyekuwa ameandika hadithi fupi ya mwanamke anayehamia posta na kuishi humo.

Eudora ilitumia mtindo uitwao POP. Mtindo huu kazi yake ni rahisi: mashine yako inaipigia seva hodi, inachukua barua zote zilizokungoja, inazileta kwako, na mkaachana. Ukitaka, seva inafuta nakala zake. Nani angeupenda mtindo huo kuliko sisi wa Kenya wa miaka ya 1990? Mlioiona enzi ile mnaukumbuka ule mlio wa modemu, kama paka wawili wanagombana ndani ya debe. Ulikuwa unalipa mtoa huduma, unalipa na simu, na dakika zinahesabiwa. Mjomba alikuwa akiandika barua zake zote mchana bila kuunganishwa, jioni anaiamuru modemu ipige, Eudora inapeleka zake na kuleta za watu, kisha anakata. Dakika tatu, nne. Kusoma ni bure, kwani barua ziko kwake.

Qualcomm, kampuni hii tunayoijua kwa vipuri vya ndani ya simu, iliichukua Eudora mwaka 1991 na kuiendeleza, na Windows nayo ikapata Eudora yake. Mjomba alitumia ile isiyolipiwa, yenye kijisanduku cha matangazo pembeni. Alichokipenda kuliko vyote ni pilipili. Naam, pilipili! Toleo la 5, lililotoka mwaka 2000, lilikuwa likisoma unachoandika, na likiona maneno makali linakuchorea pilipili, moja hadi tatu, ujue barua yako inawasha. Mjomba alikuwa akimwandikia mteja mkaidi, anatazama pilipili tatu, anacheka, anapunguza mpaka ibaki moja, halafu anatuma.

Sasa, chini ya pilipili hizo palikuwa na jambo ambalo mjomba hakuliona, na ambalo ndilo lililomwokoa baadaye. Eudora ilihifadhi barua katika faili za maandishi ya kawaida, kwa mtindo wa zamani wa Unix uitwao mbox. Faili moja kwa kila sanduku, barua moja baada ya nyingine, na kila barua inaanza kwa mstari wenye neno From na nafasi mbele yake. Basi. Ni mtindo wa kikale hata una kichekesho chake: ukiandika ndani ya barua yako mstari unaoanza kwa From, programu nyingi huutilia alama ya > mbele, ili usidhaniwe ni mwanzo wa barua mpya. Lakini faida yake ni kwamba unaweza kuifungua faili hiyo kwa Notepad na ukasoma. Hata programu zote za barua duniani zife leo, mtu mwenye macho na subira atazisoma barua zako.

Haikuwa hivyo kwa kila programu. Outlook Express, iliyokuja pamoja na Internet Explorer 4 mwaka 1997 na kukaa ndani ya Windows hadi XP, ilikuja kuweka barua katika faili za dbx, ambazo ukizifungua kwa Notepad unaona zaidi vurugu za alama. Ili uzisome vizuri unaihitaji programu yenyewe au chombo kinachoijua.

Mwaka 2006 Qualcomm ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Eudora ile. Toleo la mwisho la Windows, 7.1, lilitoka Oktoba mwaka huo. Badala yake ingejengwa Eudora mpya, programu huria, juu ya msingi wa Thunderbird. Kazi hiyo iliitwa Penelope, na mwaka 2010 ikatoka kama Eudora OSE 1.0.

Hapa pana funzo. Wapenzi wengi wa Eudora waliifungua OSE wakaiona ngeni. Jina ni lile lile, nembo wanaijua, lakini mwili ni wa programu nyingine. Njia za mkato walizozizoea vidoleni hazikuwa zile. Wengi walibaki na Eudora yao ya 2006, na mjomba alikuwa mmoja wao. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, na kweli OSE ilikuwa msala wa kupita: haikudumu. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya California yaliuweka hadharani msimbo wa Eudora ile ya zamani. Kwa hiyo mbachao wa mjomba sasa uko makumbusho.

Mimi ndiye niliyemtoa mjomba kwenye Eudora, mwishoni mwa mwaka 2010, aliponunua kompyuta mpya. Nikamwekea Thunderbird. Barua zikahama vizuri, kwa sababu Thunderbird nayo huhifadhi kwa mbox. Nikajipongeza, nikala biriani, nikarudi Nairobi. Baada ya majuma mawili akanipigia: “Mjomba, picha za marehemu ziko wapi?”

Kosa lilikuwa langu tupu. Eudora ilikuwa na desturi ya kuvitoa viambatisho ndani ya barua na kuviweka katika folda yake ya pembeni. Ndani ya barua iliacha mstari mmoja tu unaosema kiambatisho kimewekwa mahali fulani kwenye diski. Mimi nilihamisha barua, folda ile nikaiacha. Na kompyuta ya zamani ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa fundi! Tulimkuta amekwisha kuichopoa diski, bado hajaifuta. Tuliinunua tena diski yetu wenyewe, na fundi hakutuonea huruma katika bei. Picha zilikuwamo. Tangu siku ile sijawahi tena kumwambia mtu “barua zako zimehama zote” kabla ya kufungua moja yenye kiambatisho.

Haya, tuje kwa Thunderbird yenyewe, maana nayo ina masaibu yake. Toleo la 0.1 lilitoka Julai 2003, na 1.0 tarehe 7 Desemba 2004. Waliobeba mzigo mkubwa wa kuiandika walikuwa Scott MacGregor na David Bienvenu. Mwaka 2007 wote wawili waliondoka Mozilla. Mwaka 2008 ikaundwa kampuni ya kando, Mozilla Messaging, ili kuilea, na Desemba 2009 ikatoka Thunderbird 3, yenye vichupo na utafutaji mpya.

Thunderbird 3 ilibadilisha sura, lakini ilibadilisha na tabia. Kwa wanaotumia IMAP, yaani mtindo ambao barua hukaa kwenye seva nawe unazitazama huko huko, toleo hili lilianza kupakua nakala ya kila barua na kuziweka kwenye mashine yako bila kuulizwa. Kwa mtu wa Ulaya mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, huo ni wema. Kwetu, nyaya za chini ya bahari ndiyo kwanza zilikuwa zimefika Mombasa mwaka huo huo wa 2009, na watu wengi walikuwa bado wananunua intaneti kwa megabaiti kupitia modemu za simu. Mashine inayopakua barua za miaka mitano usiku kucha ni mashine inayokula pesa umelala. Kuzima ilikuwa kazi ya kuondoa alama moja kwenye mipangilio. Lakini sharti ujue kwanza kwamba tabia imebadilika, na sura haikuambii.

Baada ya hapo mambo yakawa mabaya. Julai 2012 Mozilla ilitangaza kwamba haitaipa tena Thunderbird nguvu ya kubuni mapya; ingepewa marekebisho ya usalama, na mengine yaachiwe watu wa kujitolea. Desemba 2015 mwenyekiti wake, Mitchell Baker, aliandika kwamba Firefox na Thunderbird zitenganishwe, kwani kila moja inamvuta mwenzake nyuma. Wengi tulidhani ndiyo buriani. Lakini mwaka 2017 ikakubaliwa kwamba Wakfu wa Mozilla utaendelea kuwa nyumba yake kisheria, na Januari 2020 ikapewa kampuni yake ndogo chini ya wakfu huo, MZLA. Kilichoiokoa ni watumiaji wenyewe. Mwaka 2022 peke yake walichanga zaidi ya dola milioni 6.

Ndiyo maana sura yake ilikaa bila kuguswa kwa muda mrefu. Hatukuwa tunatazama uamuzi wa mtu, tulikuwa tunatazama nyumba isiyo na fundi. Na waliporudi mafundi, walikuta mzee. Msingi wa Thunderbird ni ule wa Firefox, na Firefox ilikuwa imebadilika sana chini. Kila ilipobadilika, Thunderbird ililazimika kubandika viraka. Toleo 78 la mwaka 2020 liliacha viongezi vya mtindo wa zamani. Waliokuwa wakifunga barua zao kwa siri kwa kiongezi cha Enigmail walikuta kazi hiyo sasa inafanywa na Thunderbird yenyewe, na funguo zao ikabidi zihamishwe. Huo ulikuwa mshtuko mkubwa kuliko wa sura, ingawa kwa macho programu ilikuwa karibu ile ile.

Kisha, Julai 2023, ikaja 115, waliyoiita Supernova. Hii ndiyo iliyomtisha mjomba. Vitufe vikapanda juu kabisa, vikawa katika mstari mmoja wa pamoja. Barua zikapata mtindo wa kadi, kila moja mistari miwili mitatu badala ya mstari mmoja wa jedwali. Nembo ikachorwa upya na Jon Hicks, aliyechora ile ya kwanza. Waandishi wake walieleza kwamba hawakuwa wanapaka rangi tu: madeni ya msimbo wa miaka karibu ishirini yalikuwa yamezidi, na kila walipogusa pembe moja, nyingine ilianguka.

Nilipofika hapa ndipo jibu la mjomba lilipoanza kunijia. Programu ya barua ina mambo matatu, na sisi huyachanganya. Ina sura: vitufe, rangi, mpangilio. Ina tabia: inapakua nini, inafuta lini, inakubali viongezi gani. Na ina makao: barua zinakaa wapi, kwa mtindo gani, na je, unaweza kuondoka nazo. Sura ndiyo tunayoigombania, kwa kuwa ndiyo tunayoiona. Hasara hutokea katika hayo mawili mengine. OSE ilikataliwa kwa sura, na makao yake hayakuwa na ubaya. Mimi nilimpotezea mjomba picha kwa kutojua makao.

Na kuna mfano wa karibuni zaidi. Programu ya barua iliyokuja na Windows 10 ilifikia mwisho wa kutunzwa tarehe 31 Desemba 2024, na watu wakaelekezwa kwenye Outlook mpya. Wengi walilalamikia vitufe na matangazo. Wachache walitazama jambo la chini: ukiingiza humo akaunti ya IMAP ya mtoa huduma mwingine, kwa kawaida barua zako huenda zikasawazishwa kwenye wingu la Microsoft, na Microsoft yenyewe imelieleza hilo. Yawezekana wewe huna neno nalo. Lakini hayo ni makao, si sura, na mtu alitakiwa aulizwe kwa jina lake.

Nikiipima Thunderbird ya mjomba kwa hayo matatu, nikaona hivi. Makao: yale yale. Barua zake bado ni mbox, kutoka 102 hadi matoleo mapya. Sura: inatibika. Mtindo wa kadi unaweza kuubadilisha ukarudi jedwali. Nafasi kati ya mistari ina viwango vitatu, na cha kubana ndicho cha mjomba. Menyu za juu zinaweza kurudishwa zikakaa wazi. Ni kazi ya dakika kumi.

Upande wa pili ndio uliokuwa mzito. Septemba 2023 iligunduliwa kasoro katika maktaba inayofungua picha za WebP, inayotumiwa na programu nyingi sana duniani. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuharibu kumbukumbu ya programu inayoifungua na kumpa mshambuliaji mlango. Thunderbird ilirekebishwa katika 115.2.2 na katika 102.15.1. Hilo lilikuwa rekebisho la mwisho mwisho kwa ukoo wa 102. Kasoro zilizojulikana baada ya hapo hakuna aliyezizibia humo. Na mjomba ni mtu ambaye kazi yake ni kufungua hati kutoka kwa watu asiowajua!

Tena programu ya zamani haifi kwa kuharibika. Hufa kwa seva kubadilisha kufuli. Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu ziingie katika akaunti binafsi za Gmail kwa jina na neno la siri la kawaida peke yake. Oktoba mwaka huo Microsoft nayo ikaanza kuufunga mlango kama huo kwa barua za ofisi zilizo kwake. Anayekataa kupanda ngazi kwa hiari, siku moja ataamka akute barua haziingii, naye atapanda kwa pupa, siku ya kazi, meli imefika na wateja wako mlangoni. Ni kwa pupa ndipo vitu hupotea. Mimi ni shahidi.

Pana tahadhari moja kubwa ambayo wengi hawaijui. Kupanda toleo Thunderbird ni rahisi, kushuka ni shida. Tangu toleo 68 la mwaka 2019, folda yako ya mambo yote ikishafunguliwa na toleo jipya, toleo la zamani hukataa kuifungua na kukutaka uanze folda tupu. Wameweka hivyo ili data isiharibike, wala si ubaya. Lakini maana yake ni kwamba “nijaribu, nisipopenda nitarudi” haipo, isipokuwa kama ulichukua nakala kabla.

Basi nikashuka Mombasa. Ijumaa jioni, ofisi imefungwa, tukafanya hivi. Kwanza tukaifunga Thunderbird kabisa, tukanakili folda nzima ya Profiles kwenye diski mbili za nje. Nzima, na barua, anwani, mipangilio na vyote. Diski moja nikaichomeka kwenye kipakatalishi changu, nikaifungua nakala ile kwa toleo lile lile la 102. Nakala ambayo hujaifungua huna hakika nayo. Nikaandika kwenye karatasi idadi ya barua katika kila sanduku. Nikafungua barua kumi zenye viambatisho, za miaka mbalimbali.

Kisha tukapanda, na hatukuruka ngazi: 102 hadi 115, tukaifungua na kuhesabu, 115 hadi 128, tukahesabu, 128 hadi 140, iliyotoka Julai 2025, tukahesabu mara ya mwisho. Hesabu zikalingana na karatasi. Nikarudisha jedwali, nikabana mistari, nikatoa menyu nje. Kiongezi kimoja alichokuwa akikitumia kupanga barua kwa meli hakikufanya kazi tena. Hilo lilimuudhi, wala sikumficha kwamba ni hasara. Tulimtengenezea vichujio vya kawaida, vinafanya karibu kazi ile ile, si yote.

Mjomba alikaa kitini mwake, akaivuta kibodi, akaandika jina la nduguye kwenye kisanduku cha kutafutia. Barua zikajipanga, za Durban, za Karachi, herufi kubwa tupu. Akafungua moja yenye picha. Picha ikafunguka.

“Aa, yumo,” akasema. Akaifunga, akaanza kulalamikia rangi ya vitufe.

Ukiwa nawe umeahirisha kupanda toleo kwa sababu sura mpya huipendi, nakuelewa, lakini usiipe sura kura yako yote. Uliza barua zako zinakaa wapi. Uliza ni tabia gani iliyobadilika. Chukua nakala, ifungue uihakikishe, halafu panda siku isiyo na kazi. Sura utaizoea kabla ya mwezi kuandama.

Zile diski mbili, moja imebaki ofisini. Ya pili mjomba alinipa nimpelekee mama, akaifungia kabatini pamoja na hati ya nyumba.

Haya, hadi wakati mwingine.